LiDAR kwenye tanki la maji la chini: nilivyoifunga na ushauri mbovu niliopewa

Nianze na fundi wa CCTV wa mtaani kwetu Tabata, maana ndiye aliyeniudhi kuliko wote. Nilipomwambia nataka kupima maji ya tanki la chini kwa LiDAR, yaani sensa inayopima umbali kwa mwanga, alicheka sana. Akasema hizo ni za magari yanayojiendesha, na bei yake ni ya kununulia kiwanja. Ni kweli zipo kubwa zinazozunguka na kupima pande zote. Lakini ipo na hii ndogo, TF-Luna, inatengenezwa na Benewake wa China, inakaa kiganjani na nafasi inabaki. Inatoa mwale mmoja tu kwenda mbele na kusoma hadi mita 8. Ilinifikia kwa elfu sitini au sabini hivi, pamoja na ya wakala wa mzigo.

Kwa nini nijisumbue? Nyumba tunayopanga ina tanki la zege chini ya uwanja, na maji ya bomba huja kwa mgao, mara nyingi usiku. Kuna mfuniko wa chuma mzito, na mtu wa kuunyanyua na kumulika tochi alikuwa mimi kila siku, kwa kosa la kuwa mpangaji asiye na mke wala watoto. "Mwanangu, hebu tuchungulie maji," mama mwenye nyumba anagonga, saa kumi na moja alfajiri. Mara mbili pampu iliachwa ikavuta hewa hadi ikaungua, na gharama tukagawana wote.

Najua mtasema ningetumia sensa ya sauti, ile ya elfu chache inayopima umbali kwa mwangwi. Niliitumia. Sauti yake inatawanyika sana, na tanki letu lina ngazi ya nondo ukutani na bomba la pampu katikati. Ikawa inapima ngazi. Halafu mvuke ukaila, ikaota kutu. Mwale wa TF-Luna una upana wa nyuzi 2 tu, kwa hiyo ukiwa chini mita mbili doa lake halifiki hata upana wa kopo la maziwa. Unaupitisha kati ya ngazi na bomba bila kugusa chochote.

Kuunganisha sitakaa sana. Umeme wa volti 5, data unapeleka kwenye ESP32, kijikompyuta chenye WiFi kinachotuma namba kwenye simu. Kama una Arduino ya kawaida, kibao kingine cha namna hiyo, usihangaike na pini za kubuni (SoftwareSerial) kwa kasi ya data ya 115200, herufi zinapotea njiani na utadhani umeuziwa mbovu. Funga pini ya 5 kwenye graundi kabla ya kuwasha, itaongea kwa I2C, njia nyingine ya kupitisha data. Kabla ya kuwasha, nasisitiza. Ukiifunga ikiwa imeshawaka haisikii. Kujua kama inatoa mwanga, washa kamera ya mbele ya simu uielekezee: mwanga wake wa nanomita 850 jicho halioni, ila kamera nyingi za mbele zinaonyesha kidoti cha zambarau.

Sasa uhondo. Tanki likiwa tupu, sensa ikitazama chini kutoka mdomoni, nilisoma sentimita 240 hadi sakafuni, sawasawa kabisa na futi ya fundi. Nikajisikia mhandisi. Maji yakaja, yakapanda hadi sentimita 30 hivi, nikaangalia simu: 250. Yaani tanki linajaa na umbali hadi kwenye maji unaongezeka! Fundi wa CCTV akaniambia imeungua. Haikuwa imeungua. Mwanga ukipiga maji wima, karibu wote unazama, unaorudi pale juu ni kama asilimia 2 tu. Unaozama unakwenda hadi sakafuni na kurudi, na ndani ya maji mwanga unatembea polepole zaidi, kwa hiyo sentimita 30 za maji sensa inazihesabu kama 40. Ongeza 210 za hewa, unapata 250 yako. Hesabu ilivyokubali nilifurahi kuliko ambavyo ningefurahi kama ingefanya kazi.

Maji yalipozidi kupanda, mwanga ukamezwa wote. Ikawa inaandika 0, mara moja moja inatoa namba ya kweli uso wa maji ukitulia, kisha 0 tena. Hapo ushauri ukamiminika. Mmoja akasema nishushe kiwango cha chini cha nguvu ya mwanga kwenye programu. Nikashusha, nikapata namba za kila aina, zote za uongo. Mwingine, mtu mzima na akili zake, akasema nitie rangi kwenye maji. Tunayaoga na kuyapikia!

Dawa ni kuipa sensa kitu cha kuona, kinachoelea juu ya maji. Nikachukua mfuniko wa ndoo ya rangi. Wa kwanza ulikuwa mweusi na usomaji ukawa dhaifu, maana kwenye kitu cheusi hata mtengenezaji anakuahidi mita 2.5 tu badala ya 8. Nikatafuta mweupe, nikaupiga msasa usiwe na mng'ao. Chini yake nikafunga chupa tupu za maji za nusu lita, vizibo vimekazwa. Upande wenye kingo uelekee chini, ukielekea juu utabeba maji na utajikuta unapima dimbwi.

Kazi ikawa kuuzuia usizurure. Nilining'iniza nyuzi mbili za mshipi wa kuvulia kutoka kwenye nondo iliyokingama mdomoni mwa tanki, kila moja na jiwe safi chini, nikazipitisha kwenye matundu mawili ya mfuniko. Ulikwama siku ileile. Mshipi ulikuwa unakata plastiki na kujibana. Nikavunja peni za Bic, nikatoa vile vipande vya plastiki ngumu vya nje, nikavikata vifupi na kuvipachika kwenye matundu kwa gundi. Tangu hapo mfuniko unapanda na kushuka wenyewe, ukiugusa kwa kidole unateleza. Hiki kipande cha peni ndicho ninachojivunia, ile programu kila mtu anaweza kuiandika.

Usisahau kujumlisha kimo cha mfuniko juu ya maji, wangu ni kama sentimita 9. Tanki letu ni mita 2 kwa 3, kwa hiyo kila sentimita ni lita 60, hesabu rahisi. Boza likimwaga maji mfuniko unacheza vibaya, hivyo nasoma mara nyingi kwa mfululizo na kuchukua namba ya katikati. Wastani usiutumie, namba moja ya kijinga inauharibu.

Unyevu ulinisumbua zaidi ya umeme. Kuna aliyenishauri niweke kioo mbele ya sensa isipate ukungu. Kioo cha kawaida kikarudisha mwanga palepale, usomaji ukaganda kwenye sentimita chache, maji yawepo yasiwepo. Nikakitoa. Mwingine akasema niwe naizima ili isichoke. Hilo ndilo lilileta ukungu wenyewe: ikizimwa inapoa, asubuhi lenzi zimelowa. Sasa inawaka saa zote ndani ya kiboksi kimoja na ESP32, kijoto chao kinatosha kukausha lenzi, na umeme inaokula sensa yenyewe haufiki hata nusu wati. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu (silica gel) vya kwenye maboksi ya viatu nimetupia humo pia.

Halafu buibui. Usiku mmoja simu ikasema tanki limejaa hadi mdomoni, na maji hatukuwa nayo tangu juzi. Kaweka utando mbele ya lenzi, katulia katikati. Kwa sababu hiyo usiipe sensa hii peke yake mamlaka ya kuwasha na kuzima pampu. Iangalie na ile namba nyingine inayotoa, ya nguvu ya mwanga unaorudi. Yangu ikishuka hadi nusu ya kawaida yake najua kuna uchafu, nafungua na kupangusa lenzi taratibu kwa pamba yenye spiriti kidogo. Mfuniko mweupe nao unaota utelezi, unausugua wakati wa kuosha tanki. Na ukifungua tanki saa sita mchana, namba za dakika hizo zitupe. Jua kali linaichanganya.

Mama mwenye nyumba sasa anaona lita kwenye simu yake, na alfajiri nalala. Tatizo amenogewa, anataka nifunge nyingine kwenye simtanki la juu. Nimemwambia, "Mama, kule hakuna ngazi, kanunue floti ya umeme Kariakoo, elfu kumi na kitu, fundi bomba anaifunga kabla chai haijapoa." Hajafurahi. Anaona namnyima.