Vichupa vya Mzee

Mwaka 2009 nilikaa miezi miwili katika stoo ya sampuli mjini Kampala, nikikagua buibui kaa waliokusanywa zama za ukoloni. Buibui hao hawatandi utando wa kunasia. Hutulia juu ya ua, miguu minne ya mbele wameipanua kama kaa, wakimngoja nyuki.

Vichupa viwili vilininyima usingizi. Kimoja kilibeba jina la spishi iliyoelezwa kuwa nyeupe, kingine la spishi ya manjano. Ndani ya spiriti wote walikuwa rangi moja, kama chai nyepesi. Rangi haidumu humo. Na hata akiwa hai haiaminiki: nyumbani nilimhamisha jike mweupe nikamweka kwenye ua la manjano, na baada ya siku kadhaa naye akawa wa manjano.

Stoo ile ilitunzwa na mzee mmoja wa Bombo. Alinisimulia kwamba miaka ya vita, spiriti ilipoadimika, alinunua enguli, pombe kali ya kienyeji, kwa pesa yake, akaikeneka upya ipate ukali, akawa anaongeza kichupa kimoja kimoja. Buibui akikauka husinyaa, na hapo hadubini haina la kusaidia. Kila nilichokiona baadaye nilikiona kwa sababu yake.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Kwa ncha ya sindano nilibandua kibamba kigumu kilicho chini ya tumbo la jike, penye mlango wa uzazi, maana hapo ndipo spishi hutambulikana. Nikakitia kwenye mafuta ya karafuu, ambayo hufanya nyama ipenyeze mwanga. Chumba kikanukia kama jikoni siku ya Idi, na Mzee akasogea.

“Unapika nini, mwanangu?”

Nikampisha kwenye hadubini. Vifuko viwili vya mbegu, na mrija mwembamba unaojikunja kuelekea ndani. Kisha nikamwekea kibamba cha kichupa cha pili. Alitazama kwa muda mrefu, akarudi kwa cha kwanza, akarudi tena kwa cha pili.

“Hawa ni ndugu,” alisema.

“Zaidi ya ndugu, Mzee. Ni spishi moja.”

Nilichora mara tatu kabla ya kujiamini. Kwa kanuni za majina ya wanyama, jina lililotangulia ndilo hubaki. La yule wa manjano lilikuwa kongwe zaidi. La mweupe likawa kisawe chake.

Mzee alikishika kile kichupa cha mweupe. “Sasa hiki kinatupwa?”

“Hapana. Hata karatasi yake ya zamani haitolewi. Tunaongeza mpya tu.”

Nikaandika karatasi mpya kwa penseli, nikaisokomeza nyuma ya ile ya zamani. Mzee akajaza spiriti hadi shingoni, akaziba kwa pamba, akakirudisha mahali pake.