Kumsoma Kezilahabi Nikiwa Lindi

Euphrase Kezilahabi alifariki dunia jijini Dar es Salaam siku ya Alhamisi, tarehe 9 Januari 2020, akiwa na umri wa miaka 75. Habari ilinifikia hapa Lindi jioni, mvua ikinyesha na umeme umekatika, nami nikavitoa vitabu vyake kabatini kwa mwanga wa simu na kuvipanga kitandani: riwaya sita, diwani tatu za mashairi na tamthilia moja. Sikuwahi kumwona wala kumwandikia barua, lakini hakuna mwandishi mwingine wa Kiswahili niliyekaa naye muda mrefu kiasi hicho, wala aliyeniudhi mara nyingi kiasi hicho.

Nilianza na Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971. Nilikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni, na nakala iliyokuwa ikizunguka kwetu ilivikwa jalada la kitabu cha jiografia, maana riwaya hiyo iliwahi kupigwa marufuku shuleni na walimu wetu hawakuwa wamesahau, ingawa baadaye ilikuja kufundishwa rasmi. Rosa ni binti wa Namagondo, Ukerewe, kijiji alikozaliwa mwandishi mwenyewe. Baba yake, Zakaria, anamlinda kwa kipigo, na barua moja tu kutoka kwa mvulana inatosha kumletea binti huyo adhabu kali. Anapotoka nyumbani kwenda shule, Rosa hajui lolote kuhusu wanaume isipokuwa hofu, na hofu ikishamtoka hakibaki kitu cha kumshika.

Wenzangu bwenini walilia. Mimi nilikasirika, na hasira yangu ilikuwa ya kikwetu. Sisi Wamwera hufuata ukoo wa mama, na katika nyumba niliyokulia baba asingemfanyia binti yake mambo yale bila mjomba kuitwa na kuuliza kulikoni. Tena nilikuwa nimekwisha kuchezwa unyago. Aliyonifundisha somo wangu sitayaandika hapa, lakini hakuna mwali aliyetoka ndani akiwa hajui kama Rosa alivyokuwa hajui. Nikajiona niko salama. Miaka miwili baadaye, wawili kati ya tuliochezwa pamoja walikuwa wamerudi nyumbani na mimba, mmoja wao mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Mjomba aliitwa, akaja, akasema, akaenda zake. Niliposoma kitabu kile mara ya pili niligundua kwamba nilikuwa nimemhukumu Zakaria kwa kukosa desturi nzuri kama zetu, ilhali mwandishi alikuwa anauliza ni nani hulipa pale desturi zinaposhindwa, ziwe za kwao au za kwetu.

Kichwamaji, ya mwaka 1974, niliisoma upesi na sikuipenda. Nadhani nilikuwa mdogo mno kuweza kubeba kukata tamaa kwa Kazimoto, mhusika wake mkuu. Dunia Uwanja wa Fujo ilinishika zaidi, ila kitabu kilichoingia nyumbani kwetu hasa kilikuwa Gamba la Nyoka, kilichochapwa mwaka 1979, ambamo vijana wasomi, Mambosasa na Mamboleo, wanajikuta katikati ya siasa ya kuwahamishia watu vijijini na wazee wasiotaka kuhama. Nilimsomea babu sehemu kadhaa. Yeye alihamishwa katika Operesheni Vijiji akiwa na mikorosho inayozaa, na tangu hapo shamba lake likawa mahame, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka kwenye nyumba mpya. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Wataalamu hutaja pia ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, na bei mbaya, na ni kweli, lakini babu alikuwa akitaja ule mwendo wa saa mbili tu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama mwandishi alifungwa. Nilipomwambia kwamba alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, alicheka sana.

Yapo niliyoyapita haraka. Kaptula la Marx, tamthilia ya kejeli ambayo ilisubiri hadi mwaka 1999 kuchapwa, ingefaa zaidi kuonekana jukwaani, na mimi sijabahatika kuiona. Kezilahabi alikwenda Wisconsin, Marekani, kusomea udaktari wa falsafa, akaupata mwaka 1985, kisha tangu mwaka 1995 akafundisha Botswana. Katikati ya safari hizo zilitoka Nagona, mwaka 1990, na Mzingile, mwaka 1991, vitabu vyembamba ambavyo ndani yake Ukerewe niliyoizoea haimo tena. Nagona niliiacha mara tatu. Rafiki yangu anayeuza vinyago Mikindani alinishauri niisome kama mtu atazamavyo kinyago cha mawingu, kile cha Wamakonde kisicho na umbo la mtu, nisitafute kichwa wala miguu. Ushauri huo ulinisaidia nusu tu, kwa sababu kinyago naweza kukizunguka, na kitabu hiki ndicho kinachonizunguka.

Ugomvi uliodumu zaidi katika ukoo wetu ulihusu mashairi. Lindi ndipo alipotoka Abdul Karim bin Jamaliddini, aliyetunga Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, na mjomba wangu, ambaye sasa haoni vizuri, anaujua kwa moyo sehemu kubwa. Kwake shairi lisilo na vina na mizani ni barua iliyokatwa vibaya. Nilipoileta Kichomi, diwani ya kwanza ya Kezilahabi, nyumbani kwa mara ya kwanza aliirudisha mezani kwa kidole kimoja.

Siku ile ya msiba nilikwenda kwake nikamwambia kwamba Kezilahabi amefariki. Akauliza, "Yule asiyejua vina?" Nikajibu ndiye huyo, lakini vina alikuwa anavijua, ila aliviacha kwa makusudi. Akanyamaza, kisha akaniambia nisome kipande kimoja kifupi. Nilisoma "Upepo wa Wakati" taratibu, mvua ikipiga bati, na nilipomaliza alikaa kimya muda mrefu kiasi cha mimi kudhani amesinzia.

"Hilo si shairi," alisema hatimaye. "Hebu rudia, mwanangu."