Pindo la Bluu

Jana jioni nilikuwa natoka sokoni na kapu la ndizi mshare. Nilipofika usawa wa kituo kidogo cha polisi kilichopo njiani kwetu hapa Moshi, filimbi ya kushusha bendera ikalia. Saa kumi na mbili kamili. Nikaweka kapu chini, nikasimama wima. Mzee mmoja aliyekuwa akivuka barabara akavua pama lake, akalishika kifuani. Wanafunzi watatu wa sekondari wakaganda palepale. Bodaboda mmoja akapita na abiria wake bila hata kupunguza mwendo. Aliyemfuata nyuma akazima pikipiki kabisa, akashusha mguu mmoja chini.

Nikainua macho. Mimi ni fundi cherehani, mama yangu naye alikuwa fundi, na jicho langu haliwezi kutazama kitambaa lisione mshono. Pembe ya chini, ile ya upande wa upepo, pindo lilikuwa limekwisha. Bluu imechanika vipande vitatu vinavyoning'inia kama mikia, na uzi mmoja mrefu umejisokota kwenye kamba. Nyeusi imepauka, imekuwa kahawia. Askari kijana aliishusha polepole, akaipokea mikononi kabla haijagusa ardhi, akaikunja. Filimbi ya pili ikalia, kila mtu akashika njia yake. Hakuna aliyesema neno.

Nimelala na jambo hilo. Kusimama sote tunajua. Mbona kushona hakuna anayekumbuka?

Mama alishona bendera za shule kadhaa za huku kwetu, na alikuwa akisema hakuna kazi inayompima fundi kama ile. Bendera yetu imekatwa hanamu, yaani kwa mshazari. Kitambaa ukikikata hivyo kinavutika, na ukikosa mkono mtulivu ule mkanda mweusi na michirizi yake miwili ya manjano unapinda kama nyoka. Alitumia teteroni, akaipiga pasi kila hatua, akashikiza kwa uzi wa mkono kabla ya kuipitisha kwenye cherehani. Upande wa upepo alikunja pindo mara mbili na kulipiga mishono minne. Nilimuuliza kwa nini minne. Akanijibu, "Mwanangu, kijani kinashika mlingoti, bluu inashika upepo. Anayeshika upepo ndiye anayechanika kwanza."

Shuleni tulifundishwa maana nyingine, nazo ni za kweli: kijani ni ardhi na mimea yake, nyeusi ni sisi watu, bluu ni bahari, maziwa na mito, manjano ni madini. Tulifundishwa pia kwamba Tanganyika ilikuja na kijani, manjano na nyeusi, Zanzibar ikaja na bluu, nyeusi na kijani, zote mbili zikiwa za michirizi iliyolala, na baada ya Muungano wa Aprili 1964 zikaunganishwa kuwa moja kufikia mwisho wa Juni mwaka uleule. Mimi huliona kama fundi: nguo mbili zilifumuliwa ikashonwa moja, na nyeusi, mojawapo ya rangi zilizokuwemo katika zote mbili, ile ya watu, ikawekwa katikati kuzishikiza. Sijui kama kuna mshono mzuri kuliko huo.

Lakini mstarini hatukufundishwa kupenda. Kuna asubuhi mvulana wa darasa la tatu alipunga mkono kufukuza nzi usoni wakati tunaimba "Mungu ibariki Afrika". Alichapwa viboko vinne mbele yetu. Tangu siku ile nikiona bendera inapanda nilikuwa nawaza nzi. Nilikuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba wimbo ule ni sala, tunawaombea uzima watu wote, pamoja na yule mtoto. Mpaka leo nina uchungu nalo. Mtu aliyesimama kwa kuogopa fimbo, siku fimbo ikiondoka atapita kama yule bodaboda, na sioni pa kumlaumu.

Mapenzi yenyewe yapo, nimeyaona. Tarehe 24 Machi 2019 nilikuwa Dar es Salaam kwa dada yangu, Taifa Stars ilipoifunga Uganda mabao 3 kwa 0 na kurudi Kombe la Afrika baada ya miaka 39. Mitaani watu walijifunga bendera kama kanga, watoto walibebwa ndani yake, mama mmoja muuza maandazi aliifanya kilemba. Wapo wanaosema huko ni kuidhalilisha, bendera si vazi. Nawaheshimu, na najua sheria inailinda. Ila siku ile hakukuwa na filimbi wala mtu aliyeamrishwa, na sijawahi kuiona bendera ikishikwa kwa upendo kiasi kile. Majirani zetu Wakenya nao, Juni 2024, vijana waliingia barabarani kupinga Muswada wa Fedha wakiwa wamejitanda bendera mabegani. Walikuwa wanaidai serikali yao, na kitu walichochagua kujifunika ni bendera ya taifa. Kwangu mimi hiyo ni heshima kubwa kuliko kukakamaa.

Tunapenda kumwita kigeugeu "bendera fuata upepo". Nimeutumia msemo huo maisha yangu yote, na usiku wa jana umeniuma kidogo. Bendera haiendi popote. Imefungwa, inapigwa, inabaki palepale mpaka inachanika. Dirishani kwangu nauona Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Huko juu, mita 5,895, ndiko Luteni Alexander Nyirenda alikopandisha bendera ya Tanganyika na kuweka Mwenge, uhuru ulipoingia Desemba 1961. Jina la aliyeipandisha tulikaririshwa. La fundi aliyekunja pindo lake hakuna mwalimu aliyelitaja.

Leo nimeamka saa kumi na nusu. Nilikata kipande cha teteroni ya bluu, nikachukua sindano, uzi mweusi na wa bluu, mkasi, nikaenda kituoni kabla hakujapambazuka. Yule askari kijana alikuwa zamu bado.

"Afande, habari za zamu. Naomba nishone bendera."

Alinitazama kwa muda. "Mama, hii siwezi kukupa uondoke nayo."

"Siondoki nayo. Nitaishonea hapahapa."

Aliingia ndani kuzungumza na mkubwa wake, nikasikia sauti zao, kisha akatoka nayo imekunjwa mikononi. Akasema wameshaomba mpya mara mbili, haijafika. Tulikaa kwenye benchi chini ya taa. Yeye alishika upande wa kijani, akauvuta usilegee, mimi nikashika wa bluu. Nilikata ile mikia mitatu, nikapachika kiraka, nikakunja pindo mara mbili. Bluu yangu ni mpya, ile ya zamani imefifia. Kiraka kinaonekana hata kwa mbali, na hakuna namna ya kukificha. Katikati ya kazi akaniambia bibi yake huko Singida anashona mashuka kwa mkono, mishono midogo hivihivi. Nikamwonyesha jinsi ya kufunga fundo lisifumuke, akajaribu mwenyewe mishono mitano ya mwisho. Imekaa upande, nimeiacha.

Saa kumi na mbili ikafika. Akanyanyuka, akavaa kofia, akaifunga bendera kwenye kamba. Filimbi ililia nikiwa bado na sindano mkononi, uzi unaning'inia. Nikasimama hivyohivyo.

Pindo la mkono halidumu kama la cherehani. Masika yakianza nitarudi kulitazama.