Daftari la Mabondia wa Uzito wa Juu: Kumbukumbu ya Mradi Wangu

Mradi wenyewe ni daftari. Kila bingwa wa dunia wa uzito wa juu ninayemwona anastahili kutajwa ana kurasa zake, na katika kurasa hizo haiandikwi kwanza idadi ya ushindi wake, bali jina la kila aliyepigana naye kwa dhati, umri wa mtu huyo siku ile, hali ya mwili wake, na njia iliyomfikisha ulingoni, na kwa kipimo hicho ndipo ninapowapanga kumi bora. Nimelianzisha kwa sababu ubishi wa nani bora wa zama zote, ambao katika baraza letu la Chake Chake huanza baada ya sala ya isha na huvunjika pale muuza kahawa anapokusanya vikombe vyake, umekuwa ukizunguka pale pale kwa miaka: mmoja husema Muhammad Ali, mwengine husema Mike Tyson, mzee mmoja hushikilia Joe Louis aliyemjua kwa hadithi za baba yake, na kijana mmoja hutoa simu akatuonesha rekodi ya Rocky Marciano, mapambano 49 na ushindi 49, kana kwamba hesabu hiyo peke yake imeshafunga mjadala.

Inafaa pia nieleze kwamba ubishi huu kwetu ni wa masikio na macho kuliko wa mikono. Ngumi za ushindani zilikatazwa Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964 na zimeruhusiwa tena juzi juzi tu, hata mapambano ya hadhara yakarudi Unguja mwaka 2023. Kwa hiyo kizazi kizima visiwani kimewajua mabondia kwa redio, kwa kanda za video na sasa kwa simu. Anayetazama kipande cha dakika mbili humwona mtu anaanguka, lakini haoni kwamba aliyeanguka alikuwa na miaka 38.

Msimu wa karafuu

Baraza lilipopungua watu kwa ajili ya uchumaji nilipata utulivu wa kuandika kurasa za Marciano, nikamweka wa mwanzo kwa kuwa ndiye ambaye rekodi yake inasomwa haraka kuliko zote. Oktoba 1951 alimpiga Joe Louis kwa KO, yaani kwa kumwangusha asiweze kuendelea, katika raundi ya nane, lakini Louis alikuwa na miaka 37 na alikuwa amerudi ulingoni akiandamwa na deni la kodi. Septemba 1952, mjini Philadelphia, alimnyang'anya ubingwa Jersey Joe Walcott, mtu wa miaka 38. Archie Moore, mpinzani wake wa mwisho mnamo Septemba 1955, umri wake wenyewe ulikuwa na utata, ila hata tukichukua hesabu inayompunguzia miaka, naye alikuwa na 38. Katika majina makubwa ya rekodi ile, Ezzard Charles peke yake ndiye aliyekuwa hajavuka sana ubora wake, naye alimpeleka Marciano raundi zote 15 mnamo Juni 1954, kisha Septemba ya mwaka huo huo akampasua pua kabla ya kuangushwa katika raundi ya nane.

Haki yake lakini lazima aandikiwe. Katika pambano la Walcott aliangushwa raundi ya kwanza, akawa nyuma katika karatasi zote tatu za alama za waamuzi, na katika raundi ya 13 akamaliza kazi kwa ngumi moja ya mkono wa kulia. Na yote hayo aliyafanya akiwa na uzito wa kilo 84 hivi, ambao leo usingemruhusu hata kuitwa bondia wa uzito wa juu. Nilipolisoma hili barazani, kijana wa rekodi aliniuliza: "Sasa, maalim, ulitaka apigane na nani, na hao ndio waliokuwepo?" Swali hilo lina uzito, na kwa ajili yake nimeongeza safu mpya katika kila ukurasa, inayoeleza ni nani mwengine aliyekuwa hai na mzima katika zama za bingwa huyo na kwa nini hakupigana naye. Kwa Marciano safu hiyo imebaki karibu tupu, maana hakumkimbia mtu. Ubingwa wake uliangukia tu katika pengo baina ya vizazi viwili. Kwa Jack Dempsey, bingwa wa 1919 hadi 1926, safu hiyo hiyo ina jina zito la Harry Wills, bondia mweusi aliyesubiri nafasi ya kuugombea ubingwa kwa miaka na asiipate. Dempsey ametolewa katika kumi bora zangu kwa jina hilo.

Kurasa za Joe Louis zilinichukua muda mrefu zaidi, na sikujuta. Aliupata ubingwa Juni 1937 kwa kumpiga James J. Braddock mjini Chicago, akaushika hadi alipostaafu Machi 1949, na katikati yake aliutetea mara 25, idadi ambayo hakuna bingwa mwengine wa uzito huu aliyeifikia. Wanaompinga husema wengi wa wale 25 walikuwa dhaifu, na kwa baadhi yao ni kweli, maana mwishoni mwa 1940 na mwanzoni mwa 1941 alikuwa akiutetea ubingwa karibu kila mwezi na hapakuwa na mabondia bora wa kutosha duniani kulijaza jedwali kama hilo. Hata hivyo, wapo Max Schmeling, aliyemshinda Louis mwaka 1936 kisha akarejeshewa deni lake Juni 1938 kwa sekunde 124 tu. Na yupo Billy Conn, ambaye Juni 1941, akiwa na kilo 79 kwa rekodi rasmi dhidi ya kilo 90 za Louis, aliongoza katika karatasi mbili kati ya tatu hadi raundi ya 12, akataka kummaliza bingwa badala ya kumkwepa, na akaangushwa ya 13. Hapo tena ndipo jeshi lilipomchukua Louis, na baada ya Machi 1942 hadi Juni 1946 hakuutetea ubingwa hata mara moja, miaka ambayo mtu huwa katika ukamilifu wa nguvu zake. Mzee wetu wa baraza alifurahi sana kusikia hivyo, akaagiza kahawa kwa wote.

Ramadhani

Kurasa za Ali niliziweka kwa makusudi hadi usiku wa Ramadhani, kwa kuwa watu hukaa barazani baada ya tarawehe mpaka karibu na daku na pana nafasi ya kusema jambo likamalizika. Ugumu wa Ali hapa kwetu ni kwamba wengi hawampendi kwa ngumi. Wanampenda kwa kusilimu kwake, kwa kukataa kwenda vitani Vietnam mwaka 1967, na kwa pambano la Kinshasa, ambalo lilianza kule kama saa kumi usiku na kwetu ikawa inakaribia saa kumi na mbili asubuhi. Wazee wanakumbuka pia kwamba Februari 1980 alikuja Tanzania akiwa ametumwa na Rais Carter kuishawishi nchi isusie Olimpiki ya Moscow, na Mwalimu Nyerere akakataa kumpokea. Hayo yote ni historia yake, lakini hayaingii katika daftari. Nimeomba yazungumzwe kando, na kwa sehemu kubwa nimekubaliwa.

Nikaanza na yanayompunguzia. Pambano ambalo wapenzi wake hulionesha kuwa ndipo alipokuwa mzuri kupita kawaida, lile la Novemba 1966 mjini Houston dhidi ya Cleveland Williams, lilikuwa dhidi ya mtu aliyepigwa risasi na polisi mwaka 1964 akapoteza figo moja. Kwa kipimo changu ushindi ule una uzito mdogo, hata kama miguu ya Ali usiku ule inapendeza kuitazama. Baraza lilinung'unika, ami mmoja alisema kwamba nimeanza kumtafutia mtume wa ngumi makosa, nikamjibu kwamba Marciano tumemfanyia vile vile na yeye ndiye aliyekuwa akinipigia makofi.

Kisha nikasoma yanayomzidishia, na hapa daftari lilijaa. Machi 1971 alishindwa na Joe Frazier aliyekuwa na miaka 27, hajawahi kushindwa na katika kilele chake, wakati Ali mwenyewe alikuwa ametoka katika miaka mitatu na nusu ya kuzuiliwa kupigana, yaani kuanzia umri wa miaka 25 hadi 28. Oktoba 1974 alimkuta George Foreman na miaka 25, mapambano 40 bila ya kushindwa, 37 kati ya hayo akiwa amewamaliza wapinzani kabla ya wakati. Mtu aliyemwangusha Frazier mara sita katika raundi mbili mjini Kingston, na aliyemmaliza Ken Norton katika raundi mbili mjini Caracas. Ali alikuwa na miaka 32, miguu imeshakuwa mizito, na bado alimzima Foreman katika raundi ya nane. Hakuna ukurasa mwengine katika daftari lote ambapo bingwa aliyepita umri wake bora amempiga kwa KO mtu kijana, mzima, asiyewahi kushindwa na anayeogopwa na kila mtu. Mwaka uliofuata mjini Manila alimaliza shauri lake na Frazier, kona ya Frazier ikakataa kumwachia aingie raundi ya 15. Hata kushindwa kwake kwa Larry Holmes mwaka 1980, akiwa na miaka 38, nimekuandika kwa haki ile ile niliyompa Louis mbele ya Marciano: si sifa kubwa kwa mshindi, wala si aibu kwa aliyeshindwa.

Baada ya Sikukuu

Tyson nilimpitia haraka, na najua sitasamehewa na vijana. Kuwa bingwa akiwa na miaka 20, Novemba 1986, ni jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla wala baada yake. Lakini Holmes aliyempiga Januari 1988 alikuwa na miaka 38 na alikuwa amekaa karibu miaka miwili bila ya kupigana. Michael Spinks, aliyedumu sekunde 91 Juni ya mwaka huo, alikuwa hajashindwa lakini alikuwa amepanda kutoka uzito wa chini. Na mtu mkubwa wa kwanza aliyesimama naye bila ya hofu, Buster Douglas mjini Tokyo mnamo Februari 1990, alimmaliza. Kwa Evander Holyfield alishindwa mara mbili.

Foreman amepanda kuliko nilivyotarajia. Ushindi wake wa Novemba 1994 dhidi ya Michael Moorer, akiwa na miaka 45, unakipindua kipimo changu chenyewe, kwa kuwa hapa aliyezeeka ndiye aliyeshinda.

Aliyezua kelele zaidi ni Lennox Lewis, niliyemweka wa tatu nyuma ya Ali na Louis. Walionipinga wanataja Oliver McCall wa 1994 na Hasim Rahman wa 2001, waliomlaza kwa ngumi moja kila mmoja. Nami nawakumbusha kwamba wote wawili aliwarudia akawapiga, na kwamba hakuna bondia hata mmoja aliyepanda naye ulingoni ambaye mwishowe hakumshinda. Ni kweli kwamba Tyson wa 2002 alikuwa na miaka 35 na amekwisha, na nimeliandika hivyo. Lakini Juni 2003 Lewis, naye ana 37, alimpata Vitali Klitschko aliyekuwa mzima kabisa na anaongoza kwa alama, akampasua uso hadi daktari akalisimamisha pambano baada ya raundi ya sita. Hapo amepata alama kwangu ambazo Tyson hana pa kuzipatia.

Oleksandr Usyk nimemwachia kurasa wazi. Mei 2024 mjini Riyadh, akiwa na kilo 101 dhidi ya 119 za Tyson Fury, alikuwa bingwa wa kwanza wa mikanda yote tangu Lewis wa 1999, na Desemba akamshinda Fury tena. Julai 2025 akamwangusha Daniel Dubois, kijana wa miaka 27, wakati yeye ana 38. Kwa ubora wa waliokuwepo katika zama zake hakuna aliyebaki wa kuandikwa katika ile safu mpya. Kinachonizuia ni uchache wa mapambano yake katika uzito huu.

Kazi inayofuata ni Holmes, ambaye hakuna anayemtaja barazani isipokuwa kwa kumpiga Ali mgonjwa. Aliutetea ubingwa mara 20, akafika ushindi 48 bila ya kushindwa, na akapoteza wa 49 kwa Spinks tarehe 21 Septemba 1985, miaka 30 kamili tangu Marciano apigane pambano lake la mwisho. Kwa kipimo cha umri na uzima wa wapinzani nadhani ataingia mbele ya Marciano, na kijana wa rekodi ameshaniambia kwamba siku nitakayosoma ukurasa huo atakuja na wenzake.