Nilivyomshonea ng'ombe wangu vazi la pundamilia

Zaidi ya miaka kumi naongoza watalii kutoka Arusha kwenda Tarangire na Manyara, na swali halikosekani: pundamilia ana mistari ya nini? Nilijibu nilivyofundishwa, kwamba inamchanganya simba. Kumbe jibu lilikuwa nyumbani Tengeru, linanipiga mkia usoni kila asubuhi.

Tausi, ng'ombe wangu, ni chotara, mweusi tii. Masika yakiisha, nzi wa kuuma humjaa miguuni na tumboni mpaka anapiga ndoo teke. Jirani alinishauri nimpake oili chafu ya gari. Jamani, msifanye hivyo! Ng'ombe hujilamba, na ile ni sumu. Duka moja la dawa za mifugo likaniuzia dawa ya mgongoni kwa bei ya kuumiza. Siku ya nne nzi walikuwa wamerudi wote.

Mgeni mmoja garini ndiye aliyenifumbua macho. Alinieleza habari za Tim Caro, mtafiti aliyefanya kazi Katavi kwa miaka mingi. Mwaka 2014 yeye na wenzake walilinganisha pundamilia, farasi mwitu na punda mwitu na mahali wanapoishi. Mistari ilifuatana na nzi wa kuuma, haikufuatana na simba. Manyoya ya pundamilia ni mafupi, mdomo wa nzi unafika kwenye ngozi kirahisi, na nzi wa Afrika hubeba magonjwa kama nagana, ule ugonjwa wa mifugo unaoletwa na ndorobo. Basi mwenye mistari alidungwa na nzi mara chache, akanusurika, akazaa wenye mistari kama yeye. Usiku ule nikasoma mpaka simu ikazima chaji. Nikakuta kwamba mwaka 2019 Wajapani walipaka ng'ombe weusi mistari myeupe, na nzi waliowatua wakapungua kwa kama nusu. Ng'ombe weusi! Nikamkumbuka Tausi.

Nilianza na uji mzito wa unga wa ngano. Nilipaka kwa brashi, mstari mmoja mmoja, karibu saa nzima, na alipendeza kweli. Sijamaliza kunawa mikono, ulimi wake umeshasafisha ubavu wa kulia. Ndama akamalizia wa kushoto. Kilichobaki mgongoni kilichacha, kikaita nzi wengine ambao hata hawakuwa wageni wetu. Nikawaza chokaa, mke wangu mama Neema akakataa katakata: inachoma ngozi. Alikuwa sahihi.

Ndipo nikakumbuka kwamba mwaka huohuo wa 2019, karibu na Bristol, Uingereza, kundi la Caro liliwavalisha farasi vitambaa vya mistari. Jumamosi nikabeba shuka mbili nyeupe za mitumba na kitambaa cheusi cha pamba hadi kwa fundi cherehani. Msichukue nailoni, ng'ombe atapikika humo. Fundi akasoma vipimo kwenye karatasi yangu mara mbili.

"Baba Neema, huyu mwenye kifua hiki ni nani?"

Yote, pamoja na lastiki, haikufika elfu arobaini. Mistari ya kwanza ilikuwa mipana kama kiganja. Nilipokuta kwamba watafiti wa Hungaria wameona mistari myembamba huvutia nzi wachache zaidi, nikamwomba aifumue. Alinung'unika, lakini akafumua.

Asubuhi ya kwanza nilikaa kigodani bandani nikitazama tu. Nzi haliogopi vazi. Anakuja na kasi yake yote, na pale anapotakiwa kupunguza mwendo ili atue, hapunguzi. Anajigonga kwenye kitambaa, anateleza, anaondoka. Anazunguka, anarudi, anajigonga tena. Hivyohivyo ndivyo video za utafiti ule wa Uingereza zilivyoonyesha. Na kama kwa wale farasi, kichwa kisichofunikwa hakikupona: usoni na masikioni walitua kama kawaida.

Lakini mkia umetulia. Juzi nilikamua mpaka tone la mwisho bila kumfunga miguu, na mama Neema alikuja kuangalia kama kuna tatizo, maana hakusikia kelele.

Sasa mgeni akiuliza, nazima gari. Namwambia kwanza avue ile shati ya bluu iliyokoza, maana ndorobo wanaipenda, kisha achukue darubini aangalie miguu ya pundamilia. Mistari inashuka hadi karibu na kwato, na huko chini ni myembamba kuliko ya mapajani. Usoni pia. Mimi mwenyewe sikuwahi kuitazama vizuri miaka yote ile. Wiki hii fundi anakata soksi nne.