Wiki mbili kabla ya kilomita 42: maumivu yapi uyaogope

Ukishapunguza mazoezi ili upumzike kabla ya marathoni, kila kiungo hudai chake. Goti linalia, koo linawasha, kisigino kinachoma ukishuka ngazi. Mengi ya hayo ni mwili kujirekebisha, na wewe kuwa na muda mwingi wa kujikagua. Yapo machache ya kuogopwa, na hayo yana alama zake.

Bonyeza panapouma kwa kidole kimoja. Maumivu yaliyotanda kigimbi kizima, yanayolegea baada ya dakika kumi za kukimbia taratibu, ni uchovu wa misuli. Lakini yakiwa mahali pamoja tu juu ya mfupa wa muundi au wa wayo, padogo kama sarafu, na panazidi ukiruka kwa mguu huo au ukilala usiku, acha kukimbia, nenda hospitali. Huenda mfupa umeingia ufa. Eksirei ya wiki za mwanzo mara nyingi haiuonyeshi ufa huo, kwa hiyo picha safi isikutoe wasiwasi ikiwa panauma vile vile.

Kwa wanaojiandalia Lamu, jeraha la dakika za mwisho hutoka mchangani. Ufuo wa Shela maji yakijaa unakusukuma juu, kwenye mchanga laini wenye mteremko. Kisigino kinazama na kano yake inavutwa kila hatua, huku mguu wa upande wa bahari ukikanyaga chini kuliko mwenzake, ndipo upande wa nje wa goti unapoanza kuuma. Subiri maji yapwe ukimbie pale mchanga uliposhikana, na ukienda kilomita tatu rudi njia ile ile ili miguu ibadilishane upande. Vichochoroni tembea tu. Kifundo kikiteguka siku kumi kabla ya mbio, hakina muda wa kupona.

Na ukikandwa, iwe kwa mkono mwepesi. Kukandwa kwa nguvu siku tatu za mwisho huacha misuli na maumivu mapya.

Homa haina mjadala. Mafua ya puani bila homa hayakuzuii kukimbia polepole, ila kikohozi cha kifua, mwili kuuma au joto kupanda ni kulala, kwa sababu kukimbia na homa huweza kuumiza misuli ya moyo. Huku pwani, homa ipimwe malaria siku hiyo hiyo, usibahatishe vidonge. Ikithibitika, AL (artemether-lumefantrine, dawa ya malaria) ni dozi sita kwa siku tatu, na humezwa pamoja na chakula chenye mafuta ili ifyonzwe vizuri. Kumaliza dozi si kuwa tayari kwa kilomita 42. Mbio zingine zitakuja.

Ukikosa siku nne kwa ugonjwa, usizilipe! Hapa ndipo wengi wanapojiharibia: pumzi haipotei kwa siku nne, lakini kilomita 25 za kufidia, wiki ya mwisho, zitakufikisha mstarini umechoka.

Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki usizimeze asubuhi ya mbio ili kunyamazisha goti. Mwili ukipungukiwa maji, figo ndizo zinazoumia.

Tumbo nalo lichunge siku tatu za mwisho: maji yaliyochemshwa, chakula cha moto, na kachumbari na juisi yenye barafu usiyojua ilikotoka viache. Likianza kuendesha, tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita moja ya maji safi, unywe kidogo kidogo. Likiwa bado linaendesha usiku wa kuamkia mbio, usikimbie.