Somo la kwanza la tenisi

Julai 2022, Mkenya Angella Okutoyi alikuwa ametoka kutwaa taji la wasichana la wawili wawili kule Wimbledon, akicheza na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Kaka yangu, ambaye siku zote michezo kwake ni kandanda tu, aliamka na homa ya tenisi. Akamnunulia binti yake wa miaka sita raketi, akaniambia, "Dada, Jumamosi mpeleke."

Nikampeleka. Kochi akaisimamisha raketi ile kando ya mtoto, ikamfika juu ya kitovu. Inchi 27, ya mtu mzima. Akairudisha begini bila maneno mengi, akampa ya inchi 21 kutoka kwenye kapu lake.

Halafu hata hiyo hawakuitumia. Nusu saa nzima watoto walikuwa wanarushiana mipira kwa mkono, wanaidaka baada ya kudunda mara moja, wanakimbia na mpira juu ya koni. Wavu wenyewe ulikuwa utepe uliofungwa kwenye viti viwili, na kiwanja kilikuwa kimegawanywa ili wacheze kwa upana, mita kumi na moja hivi badala ya ile 23.77 ya wakubwa.

Baba mmoja aliyekaa karibu nami akaanza kunung'unika. "Nimelipia tenisi au chekechea?" Alisema kwa sauti, tena makusudi.

Kochi alimsikia. Akamwita mtoto wa yule baba, akamsimamisha wima, kisha akanyoosha mikono juu kabisa na kuachia mipira miwili kwenye saruji kwa pamoja: wa manjano tunaouona kwenye televisheni, na mwingine mkubwa kidogo, nusu mwekundu. Wa manjano ukaruka ukapita utosi wa mtoto. Mwekundu ukaishia kifuani.

"Mzee, huyu wa manjano mtoto ataupigia wapi?" akauliza. "Akiufuata huko juu, ataupiga kama anaua nzi ukutani. Mkono ukizoea hivyo, kuunyoosha baadaye ni kazi." Akaongeza kwamba tangu 2012 hata kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi zinakataza mipira ya manjano ya kawaida kwenye mashindano ya watoto wa miaka kumi kushuka chini.

Mimi nilikuwa nimeshaelewa kwa macho.

Raketi zilipotoka mwishoni, binti yetu aliukosa mpira, akaukosa tena, kisha akaupiga taratibu ukavuka utepe. Mvulana wa upande wa pili akaurudisha. Binti naye akaurudisha! Wenzao wakaanza kuhesabu kwa kelele, na yule baba akawa ndiye mhesabu mkuu, amesimama, koti limeanguka chini.

Tulipokuwa tunaondoka nilimsikia akimuuliza kochi kama kuna darasa la watu wazima. Lipo, Jumapili, akajibiwa, na wao pia huanza na mpira mwekundu. Mzee akacheka, kisha akaona kochi hacheki.